Mti namba 217

Nilipouona tena, ulikuwa umeshika mlango wa banda la kuku.

Kibati kilikuwa bado kipo, cha alumini, kimejikunja pembe moja, kimepigiliwa kwa msumari ambao huenda niliushika mimi mwenyewe kabla haujagongwa. Namba ilisomeka vizuri: 217. Kuku wawili walikuwa wamejikunyata chini yake wakikwepa jua. Nikacheka peke yangu, kisha nikatoa utepe mfukoni, nikapima.

Nirudi nyuma kidogo. Mwaka 2006, nikiwa mwanafunzi, nilikuwa kwenye kundi la vijana sita tuliopelekwa msituni upande wa Kisarawe kupima miti. Ukiisimulia, kazi yenyewe inasikika nyepesi. Mnafunga kamba mpate mstatili, hiyo ndiyo ploti. Kila mti wenye unene wa kuanzia sentimita 10 mnauzungushia utepe kwenye kimo cha kifua, mita 1.3 kutoka ardhini, mnaupigilia kibati chenye namba, mnaandika jina lake. Basi. Upupu hausimuliwi. Siafu waliompanda mwenzetu mpaka akavua suruali mbele ya watu hawasimuliwi.

Majina alikuwa anatupa mzee mmoja wa kijiji cha jirani ambaye sote tulimwita Babu. Alikuwa akichanja gome kwa ncha ya panga, ananusa, anatamka. Mara chache alinusa mara mbili. Mimi nilikuwa mwandishi, na kwa sababu fomu rasmi zilikuwa chache na mvua ilikuwa inanyemelea, kila jambo nililiandika pia kwenye kaunta buku langu la darasani, kurasa za nyuma, baada ya notisi za jenetiki. Namba 217 ilikuwa msandarusi mchanga, sentimita 11.4.

Mpango ulikuwa turudi baada ya miaka mitano. Ndiyo maana ya kibati: mti uleule, utepe uleule, kimo kilekile, ujue umenenepa kiasi gani au umekufa. Kupima mara moja kunakupa picha, na picha moja haioneshi mwendo. Sasa, 2011 ilifika na hakuna aliyerudi. Mradi ulikwisha, msimamizi akahama, na fomu zetu zilihifadhiwa kwenye stoo ya ofisi moja ambayo paa lake lilikuwa linavuja. Nilipokwenda kuziulizia nilioneshwa boksi lililokuwa limegeuka uji. Kilichobaki duniani kuhusu ploti ile kilikuwa kaunta buku langu, nalo lilinusurika kwa sababu mama hatupi daftari.

Nikarudi mwenyewe mwaka 2019, likizo ya Juni, kwa bodaboda kutoka Kisarawe mjini. Babu alikuwa kakaa nje, kazeeka, macho bado makali.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba. Wewe si yule mwandishi?"

Nikamweleza nilichokifuata. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Mnautafuta mti wenye kibati? Ule si umeshajenga."

Akanipeleka kwa binti wa kaka yake, nyumba ya nne. Banda la kuku. Mti haukuwa na gome tena, kwa hiyo utepe ulisoma sentimita 9 na kitu. Nikaandika kwenye daftari lilelile, mstari uleule wa 2006: "217, umehamia." Mwenye banda alitaka kujua kama serikali itaudai. Nikamwambia la, shangazi, endelea kufuga.

Kati ya miti 74 niliyokuwa nayo daftarini, msituni niliipata 31. Hapa ndipo nilipoanza kuelewa ugumu wa kazi hii, miaka kumi na tatu baada ya kuifanya. Miti 43 imekosekana, lakini kukosekana kuna aina zake. Visiki vingine vilikuwa na alama ya panga, vyembamba, hizo ni nguzo na mirunda. Vingine vilikatwa kwa msumeno, hizo ni mbao. Kona moja ya ploti ardhi ilikuwa nyeusi, imejaa vipande vya udongo ulioungua: tanuri la mkaa lilikaa pale. Na kulikuwa na miti mitatu au minne ambayo nadhani ilikuwa mizima kabisa ila vibati vimedondoka, na mimi sina pua ya Babu. Ukiniuliza imepotea mingapi, jibu la kweli linahitaji sentensi nne.

Nilichokiona kwenye mstatili mmoja, kuna watafiti walikipima kwa mapana zaidi, na makala yao ilitoka mwaka 2010 ikiongozwa na Antje Ahrends. Walilinganisha misitu inayoizunguka Dar es Salaam kati ya mwaka 1991 na 2005, wakienda mbali zaidi na zaidi kutoka jijini. Waliona uharibifu unatembea kama mawimbi. Wimbi la mbele kabisa, lililo mbali na mji, ni la mbao za thamani, kina mvule na mkongo, kwa sababu mbao hizo zinalipa nauli ya lori. Nyuma yake linafuata wimbi la mbao za bei ya chini. Karibu na mji kabisa ni mkaa. Mbao huchagua mti, mkaa hauchagui. Mkaa ndio unaokomba sufuria. Na mawimbi hayo yalikuwa yanasogea kwa kasi ya hadi kilomita 9 kwa mwaka. Kadiri walivyokwenda mbali na jiji, ndivyo aina za miti na kaboni iliyohifadhiwa msituni vilivyoongezeka.

Kilomita 9 kwa mwaka. Niliposoma nilikuwa jikoni, na jiko la mkaa lilikuwa linanitazama. Sensa ya 2002 ilitukuta Dar tuko kama milioni 2.5. Ya 2012 ikasema 4,364,541. Ya 2022, 5,383,728. Sitaki kujipiga kifua wala kumlaumu muuza mkaa wa Kimara Mwisho, ambaye ananikopesha. Nasema tu kwamba takwimu ile ilikuwa na moshi wa kwangu ndani yake.

Lakini turudi kwenye kupima. Kuna kitu kinanisumbua zaidi ya kasi ya mawimbi, nacho ni swali: tangu lini? Utafiti ule ulianzia 1991 kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na vipimo. Mwaka 1991 misitu ya Pugu na Kazimzumbwi ilikuwa imeshakatwa kwa vizazi. Hali ya kabla ya hapo nani anayo? Wakusanya mimea wa enzi za Wajerumani walipita pwani hii, wakakausha majani na maua, wakayabandika kwenye karatasi zenye tarehe na mahali, na sehemu kubwa ya vielelezo vyao ikapelekwa hebaria ya Berlin, yaani ghala la mimea iliyokaushwa. Mwezi Machi 1943 mabomu ya vita yaliiangukia hebaria hiyo, ikaungua. Nakala kadhaa zilikuwa zimeshatawanyika kwingine, ndiyo, lakini fikiria: ukurasa wa kwanza wa daftari letu uliungulia Ulaya, kwenye vita ambayo msandarusi haukuwa na habari nayo.

Mwanasayansi wa samaki, Daniel Pauly, aliandika mwaka 1995 kwamba kila kizazi cha wataalamu wa uvuvi huichukulia bahari kiliyoikuta mwanzoni mwa kazi kuwa ndiyo bahari ya kawaida, kisha hupima hasara kuanzia hapo. Hili si la wataalamu tu. Nenda Feri alfajiri, simama kwenye mnada, muulize kijana wa miaka ishirini kama samaki wamepungua. Atakwambia mwaka huu wako vizuri tu. Kisha muulize mzee anayeshona nyavu pembeni. Wala hawabishani, wanahesabu kutoka miaka tofauti.

Na mwaka wa kuanzia unaweza hata kugeuza hadithi nzima. Nyumbu wa Serengeti, wanaohesabiwa kwa picha zinazopigwa kutoka angani, mwanzoni mwa miaka ya 1960 walikuwa kama laki mbili na nusu. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 wamefika kama milioni moja na laki tatu. Anayeanzia 1960 ataona ongezeko la ajabu. Lakini nyumbu wale wachache wa 1960 walikuwa mabaki ya sotoka, ugonjwa uliofika Afrika Mashariki karibu mwaka 1890 na kufyeka ng'ombe na wanyama pori pamoja. Ng'ombe walipochanjwa, sotoka ikawaachia nyumbu pia. Kwa hiyo lile ongezeko lilikuwa mgonjwa anayeinuka kitandani. Takwimu ni ileile, mstari uleule unaopanda, ila maana inategemea umefungua daftari ukurasa gani.

Tembo nao walikwenda upande wa pili, na pale hakuna la kutafsiri: sensa ya 2009 iliwapata 109,051 nchi nzima, ya 2014 ikawapata 43,330. Miaka mitano. Hiyo ndiyo faida ya kuhesabu kwa njia ileile mara kwa mara, kwamba msiba unapotokea unaonekana ukiwa bado una moto.

Kwangu Kimara mimi si wa tembo. Tangu Januari 2012 nahesabu ndege, kila Jumapili saa kumi na mbili na nusu asubuhi, dakika ishirini, nimekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. Nahesabu ninaowaona na ninaowasikia. Wakati naanza, nyuma ya nyumba kulikuwa na miembe miwili ya jirani, mkorosho, na kichaka cha michongoma ambacho hakuna aliyejua ni cha nani. Leo kuna ukuta, nyumba ya ghorofa, na mwembe mmoja.

Mwaka 2015 nilifanya kosa ambalo bado linaniuma. Tulipata mtoto, usingizi ukawa wa kuibiaibia, nikawa natoka kuhesabu saa mbili asubuhi. Sikuona tatizo, dakika ishirini ni dakika ishirini. Mwisho wa mwaka nikajumlisha, nikakuta shorewanda wamepungua karibu nusu. Nikaandika hapahapa kwa majonzi makubwa, nikaulaumu ule ujenzi, watu mkatoa pole. Msomaji mmoja tu ndiye aliyeniuliza: "Mwalimu, bado unahesabu saa ileile?" Niliona aibu. Nikafanya ambacho nilipaswa kufanya mapema, Jumapili nane mfululizo nikahesabu mara mbili, saa kumi na mbili na nusu na tena saa mbili. Shorewanda walikuwepo. Alfajiri wanaimba, saa mbili wamenyamaza, wako kazini. Aliyekuwa amepungua ni mimi. Mwaka 2015 kwenye jedwali langu sasa una rangi ya njano, na kando nimeandika sababu.

Tangu hapo naandika mambo ambayo zamani niliyaona upuuzi. Wingu. Upepo. Jenereta ya jirani. Kwaya ya kanisa lililo kando yake, kwani ikianza kupasha sauti mapema, ndege aitwaye chozi huwezi kumsikia hata akiwa juu ya kichwa chako. Hata miwani mipya niliyopata 2021 imeandikwa, kwa sababu mwezi uleule niligundua aina moja ya mnana na sitaki kujidanganya kwamba alihamia siku niliyotoka kwa daktari wa macho.

Sasa jambo lililonishangaza kuliko yote. Mwaka wa kwanza nilipata aina 19 za ndege. Mwaka jana, aina 19. Ukiangalia namba tu utasema Kimara haijabadilika, hongera kwetu. Lakini sita wa mwanzo hawapo tena, na sita wengine wamechukua nafasi zao, na walioingia ni walewale unaowakuta Tabata, Kariakoo, na kila penye paa la bati na jaa la taka. Nilidhani ni kituko cha uani kwangu mpaka niliposoma utafiti wa 2014 wa Maria Dornelas na wenzake, waliokusanya mifululizo 100 ya vipimo vya muda mrefu kutoka sehemu mbalimbali za dunia. Nao waliona hivyo: mahali pamoja pamoja, idadi ya aina haishuki kwa mpangilio mmoja, ila orodha ya majina inabadilika kwa kiasi kikubwa. Duka lina bidhaa zilezile 19 kwa hesabu, ila ukiingia unakuta limegeuka duka la vocha.

Mfalme wa waliobaki ni kunguru. Huyu mweusi mwenye shingo ya kijivu si wa kwetu. Ni kunguru wa India, aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili ale taka, akazila, akahamia kwenye mayai na makinda ya ndege wengine, akavuka bahari. Hapa Dar amewahi kutegwa na kulishwa sumu, akapungua, akarudi. Kuna watoto wa darasa langu ambao ukiwaambia wachore ndege, wanachora kunguru. Hawajakosea, ndiye waliyemkuta.

Mwaka juzi kwenye kundi letu la WhatsApp la walimu ilizunguka picha yenye maandishi mekundu: "Asilimia 73 ya wanyama duniani wamekufa tangu 1970!" Nikaandika jibu refu, hakuna aliyelisoma, kwa hiyo nalirudia hapa kwa hila. Namba hiyo ni ya kweli, imetoka kwenye ripoti ya 2024 ya WWF, shirika la uhifadhi, lakini haisemi hivyo. Kwanza inahusu wanyama wenye uti wa mgongo tu, na ni yale makundi ambayo mtu amekuwa akiyapima. Pili, ni wastani wa kushuka kwa kila kundi kati ya 1970 na 2020, si jumla ya vichwa. Chukua mfano: Kimara kuna ndege 100, wanabaki 20. Kibaha wapo 10,000, wanabaki 10,000. Vichwa vilivyopotea ni 80 kati ya 10,100, hata asilimia moja haifiki. Lakini kwa aina ya wastani wanaoutumia, ambao unaipa Kimara uzito sawa na Kibaha, kushuka kunatoka kama asilimia 55. Je, ni uongo? Hapana. Unakwambia kuna mahali panakauka, hata kama jumla imetulia. Ila ukiugeuza kuwa "wamekufa", siku mtu akikukamata hutaaminiwa tena hata kwenye lile la tembo.

Kuna wakati tatizo ni jina. Misitu midogo iliyobaki pembeni ya jiji, Pande yenye kilomita za mraba kama 12, na Pugu na Kazimzumbwi, ina komba mdogo sana, gramu kama 60, komba wa Rondo. Kisayansi alipewa jina lake miaka ya 1990 tu. Kumtofautisha na ndugu zake kwa macho, usiku, kwa tochi, ni kujitesa. Watafiti humtambua kwa sauti yake. Maana yake, orodha yoyote ya zamani iliyoandika "komba" na kuishia hapo haiwezi kutuambia kama alikuwepo. Aliyeandika alikuwa na macho mazuri, lakini hakuandika alisikia nini.

Na chura wa Kihansi je? Aligunduliwa mwaka 1996 kwenye korongo moja la Udzungwa, akiishi kwenye manyunyu ya maporomoko. Bwawa la umeme likajengwa juu yake, manyunyu yakapungua. Mwaka 2000 kama 500 wakasafirishwa Marekani kwa ndege. Mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Mwaka 2010 baadhi wakarudishwa, wakafikia hapa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye maabara yao, na kuanzia 2012 wakaanza kurejeshwa korongoni. Watu husimulia kisa hiki kwa sababu ya ile safari ya ndege. Mimi nabaki na ule mwaka 1996. Kama wale walioshuka korongoni wangechelewa miaka michache, pasingekuwa na chura wa kutangaza. Sifuri pia isingeandikwa, kwa sababu sifuri inahitaji mtu aliyekwenda, akatafuta, akakosa.

Wiki iliyopita sikuhesabu. Tulikuwa Kilosa msibani, tukarudi Jumanne usiku. Binti yangu, yule wa 2015, siku hizi ndiye anayenijazia jedwali kwenye kompyuta, na yeye hapendi nafasi tupu.

"Baba, hii Jumapili niweke sifuri zote?"

Nikamwambia asiweke, aandike "hatukuwepo". Akaandika. Asubuhi nilipofungua nikakuta ameongeza mstari wake mwenyewe kwenye safu ya maelezo, herufi ndogondogo: "Kunguru walikuwepo, kasema mama Juma wa ghorofani, hakuwahesabu." Nimeuacha.